Jiko la Ndafu Wawili

Karakana niliisikia kabla sijaiona. Nyuma ya ukuta wa mabati, pale Moshi mjini, nyundo ilikuwa inapiga chuma: mapigo matatu ya haraka, kisha moja zito. Nilisimama nje na gauni langu la kanisani, maana sikuwa na jingine la kuanzia kazi. Msimamizi wa karakana hiyo, mali ya ushirika, alinipa msasa na kopo la rangi. Wanawake, alisema, wana mkono mwepesi.

Nilipaka mashine za kumenyea kahawa kwa miaka. Ushirika ulipoishiwa nguvu na geti kufungwa, Fundi Mkuu wetu alifungua karakana yake Bomang'ombe, kando ya barabara ya Arusha, akanichukua mimi na rangi zangu. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa. Kila mwenye uwanja alifungua baa, na kila baa ilitaka jiko la kuchomea nyama. Tulipasua pipa kwa urefu kwa tindo, tukaliwekea miguu, bawaba na wavu wa nondo. Hatua zote nilizijua kwa macho. Kinyago tu ndicho sikuwahi kuvaa, ile ngao ya uso yenye kioo cheusi, ambayo bila hiyo mwanga wa kuchomelea unakuunguza macho. Kilikuwa kimoja, na kilikuwa cha Fundi Mkuu.

Siku moja alikuja Meku Lyimo wa Machame, mzee mkulima wa kahawa, na mapipa mawili kwenye pikapu. Alikuwa anamwoza binti yake. Alitaka jiko moja la kubanika ndafu wawili kwa pamoja. Ndafu ni mbuzi mzima wa arusi: anabanikwa bila kukatwa, kisha anaingizwa mbele ya wakwe amesimama kwa miguu yake, majani mdomoni. Akivunjika shingo au mgongo, ukoo mzima unaona aibu.

Wiki hiyo mkono wa kulia wa Fundi Mkuu ulikuwa umefungwa bandeji kwa kuungua. Nikamwomba kazi hiyo.

"Ukiliweza, Manka, kinyago ni chako," alisema. "Likikushinda, unarudi kwenye rangi na hutaniuliza tena."

Nilianza kwa kuyakataa mapipa. Kwenye mshono wa chini niliona ukoko wa bluu, na mtoto yeyote aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, anaujua: mruturutu, dawa ya kunyunyizia kahawa, sumu kwa mtu. Fundi Mkuu alisema tuyasugue kwa majivu, tuyachome moto, utaisha. Meku alikasirika. Mapipa yake yalikuwa safi, alisema, na yeye hakuja kufundishwa usafi na mwanamke wa kupaka rangi.

"Shikamoo tena, Meku," nikamwambia. "Ng'ombe wako anakunywa maji humo?"

Alitazama pembeni. "Ng'ombe hapana."

"Basi na wakwe wasile humo."

Fundi Mkuu alikohoa kuficha kicheko. Meku alipakia mapipa yake akaondoka, akaacha neno kwamba siku ya arusi haitasogea.

Uani kulikuwa na lori bovu. Nilikata ubavu wa bodi yake, bati nene kuliko pipa lolote, nikaichoma rangi yote mpaka chuma kikabaki kijivu. Kulikunja nilitumia gogo la mringaringa: unapasha bati moto wa mkaa, unalilaza juu ya gogo, unaligonga taratibu kutoka katikati kwenda kingo. Ukianzia kingoni linajikunja kama karatasi. Kwa kinyago cha kuazima nilichomelea pembe kwanza kwa nukta nukta, nikapima, ndipo nikaziba mshono. Ndani sikupaka kitu.

Kuwageuza mbuzi niliweka mtaimbo mmoja mrefu, nikaufungia gia na mnyororo wa baiskeli. Tulijaribu na mbuzi mmoja. Nikazungusha mpini, mtaimbo ukazunguka, mbuzi akabaki tumbo juu, ametulia kabisa. Mafundi wa jirani waliokuja kutazama walikaa chini kwa kucheka.

"Mama, mbuzi wako kagoma," mmoja alisema. "Mwite kwanza kwa jina."

Nilicheka nao. Mtaimbo wa mviringo hauna pa kumshika mbuzi, ndilo kosa langu. Asubuhi iliyofuata nilichomelea meno mafupi ya nondo ubavuni mwa mtaimbo, yakaingia kwenye mbavu za mbuzi, naye akageuka na chuma kama kitu kimoja.

Machame ilikuwa na ukungu siku ya arusi. Nilikaa na jiko tangu alfajiri, nikizungusha, nikisogeza makaa. Kifuniko kilipoinuliwa, ndafu wawili walikuwa na rangi ya asali, shingo zimenyooka, hakuna hata mfupa uliochomoza. Walipobebwa kuingia, wamesimama, vigelegele vya wakwe vilitelemka mpaka mtoni. Mzee wa upande wa bwana arusi akauliza jiko lile limetengenezwa na nani. Meku Lyimo alininyooshea fimbo yake. Fundi Mkuu, ambaye sikujua kama amekuja, akasimama mkono kwenye bandeji.

"Ni fundi wangu," alisema.

Kinyago kikawa changu, na nimefanya kazi miaka mingi tangu siku ile. Majiko yangu yamefika Sanya Juu, yamefika Arusha. Fundi Mkuu alipochoka aliniachia karakana, na nilipochoka mimi niliwaachia mafundi niliowafundisha, wanawake watatu na mwanamume mmoja. Mkinitaka ushauri, vijana, ni mmoja: kitu kisichofaa kwenye chakula kikatae mapema, mwenye nacho akiwa bado amesimama mbele yako.

Siku yangu ya mwisho niliingia kuaga. Mafundi wangu walikuwa wamelizunguka bati lililoiva nyekundu, nyundo juu, hakuna aliyeweza kuliacha lipoe.

"Shikamoo, fundi," alisema mkubwa wao bila kugeuka. "Rudishia mlango, upepo unapoza chuma."

Nikatoka, nikaurudishia.