Shibiri za Katibu
Siku Rukiah alipojuana na katibu wa chama cha wenye nyumba wa mtaa wa Kyebando, alikuwa amemwaga maji ya sabuni njiani. Mzee huyo aliinama, akapima dimbwi kwa shibiri, polepole kama fundi cherehani.

“Shibiri nne. Utazoa tope la mtaro siku nne.”

“Mbili, mzee! Mke wa sajini hapo jirani kamwaga zaidi, mbona humpimi?”

Majirani wakaingia ndani, kwani mwaka ule wa utawala wa wanajeshi watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Katibu akafuta mkono kwenye suruali, akaenda mlangoni kwa sajini, akainama vilevile.

“Sita, mama.”

Rukiah hakupunguziwa. Alipoteza siku nne za kuuza sokoni, lakini alizoa tope bega kwa bega na mke wa sajini. Sajini hakuitikia tena salamu ya katibu, naye katibu hakuacha kumsalimu.