Muonja Chumvi wa Hounslow

Miaka ile ya tisini, tulipokuwa tunaishi ughaibuni, Hounslow, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa bibi Mwairishi, mwalimu mstaafu wa lugha ya kwao. Hakuwa na wa kuzungumza naye Kiairishi, basi kila nikimpelekea chapati hunifundisha mimi. Siku moja alinipa neno lao la umaarufu: clú. Ni neno la kiume, alisema, na asili yake ni kusikia. Maarufu ni yule aliyesikika. Nikamwambia hata kwetu jina la mtu huvuma. Ila wao hawasemi mtu ana sifa. Husema sifa iko juu yake. Hiyo niliipenda: sifa ya kutandwa na wenzio, kama kanga begani.

Na mimi nilikuwa naitafuta hasa. Ramadhani ile nilikabidhiwa, kwa mara ya kwanza, kupika futari ya Wazanzibari wa huko, kwenye ukumbi wa kukodi, na mama mkwe wangu angekuwepo. Alasiri, mbele ya sufuria kubwa ya muhogo wa nazi, nikababaika: chumvi nitaionjaje, nami nimefunga? Wengine huonja kwa ncha ya ulimi wakatema. Mimi najijua, ningemeza.

Nikabeba bakuli mpaka kwa bibi. Akaonja, akafumba macho, akaniambia niongeze kidogo. Nikaenda nikaongeza, nikarudi. Akaonja tena na tena, hata nikashuku ana njaa tu. Mwisho akasema hapo basi.

Ukumbini mama mkwe alikula, akaongeza sahani ya pili, kisha akauliza nani kanionjea. Nikamweleza. Nilitaraji asifu mkono wangu. Akasifu ulimi wa jirani, tena kwa sauti, meza zote zikasikia. Nilinuna mpaka tarawehe.

Kesho yake alasiri nikasikia zogo nje. Kinamama na mabakuli yao walikuwa wamejipanga mlangoni kwa bibi, wengine wametoka Hayes kwa basi. Mlango ule, miaka yote, ukigongwa na mimi na mtu wa posta tu. Kununa kote kukanitoka, nikacheka.

Bibi akaniona, kijiko mkononi, mashavu mekundu, machozi yakimlenga.

"Mwanangu," akaniambia, "sasa iko juu yangu."