Saa Tano za Kuchonga Uso

Neno linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii ni "si". "Si ni mashine inafanya?" Nimeulizwa hivyo sokoni Tawa, nimeulizwa nje ya kanisa, nimeulizwa na binamu yangu aliyetaka nimchongee mlango mzima huku akinywa chai. Kwao mimi hubonyeza kitufe, kisha hukaa kusubiri pesa.

Basi nieleze. Mama mmoja mjane kutoka Matiliku aliniletea ubao wa mukau, mti wetu wa ukame, mwekundu na mgumu. Marehemu mumewe aliupanda mwenyewe nyuma ya zizi. Walipoukata ulitoa ubao mmoja tu mpana usio na ufa. Mama alitaka nichonge uso wa mumewe humo, uwekwe mbele ya watu siku ya shukrani, mwaka mmoja tangu mazishi. Picha ya kunakili ilikuwa moja, ile ya kitambulisho.

"Mbao kama hii sina ingine, mwiitu wakwa," alisema, akiniita binti yake kwa Kikamba. Nikamwambia asijali.

Uso ulikuwa sentimita arobaini kwa sitini. Siku iliyotangulia ruta yangu, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ilikwisha kuparua ubao kwa biti nene, ile ncha yake inayozunguka na kukata, ikaacha uso wa ngazi ngazi. Ilibaki biti nyembamba, unene wa mrija wa kalamu, ipite kushoto kulia, mstari chini ya mstari, bila hata nusu milimita kati yake. Hiyo ni mistari elfu moja na mia tano. Ukiiunganisha, biti inatembea mita mia sita juu ya uso wa mtu mmoja. Kwa mukau naiendesha mita mbili kwa dakika. Ukiikimbiza, inavunjika, au mota zinazoisogeza zinashindwa kufuata amri ya kompyuta. Ukiichelewesha, haikati tena, inasugua tu na mbao inaungua. Kwa hiyo nasikiliza sauti na kutazama maranda: yakitoka vipande vidogo safi, nashukuru, likitoka vumbi jeusi, najua nimekosea. Hiyo ndiyo kazi ya kubonyeza kitufe.

Mita mia sita, mita mbili kwa dakika, ni dakika mia tatu. Kioo cha kompyuta kiliandika 5:00. Na hapa kosa ni langu, silipeleki kwa mtu. Saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza nawasha, shemeji wa yule mama alinipigia simu. Ni mdogo wa marehemu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shukrani. Akauliza kazi ni saa ngapi. Nikasoma kioo: "Ni saa tano." Mimi nilitaja muda wa kazi. Yeye akasikia saa tano ya asubuhi.

Saa tano kamili gari lao likasimama mlangoni. Biti ilikuwa imeshuka kutoka kipaji cha uso, ikapita macho, ikamaliza pua. Macho yalikuwa yametoka vizuri mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nayatazama kwa haya kidogo.

"Fundi, ulisema saa tano," shemeji akaanza kabla ya salamu.

"Mzee, nilisema itachukua saa tano. Nilianza saa mbili. Itaisha saa saba."

"Saa saba! Na ibada ni saa nane, Matiliku! Si ni mashine inafanya? Ongeza mituki."

Mituki ni haraka. Nikamweleza mambo ya biti na mota, akatikisa kichwa kama anayesikiliza. Tena wangefika wamechelewa kidogo tu, na sijawahi kuona ibada ya kwetu iliyoanza saa yake.

Mama mjane alikuwa amebaki ndani ya gari. Sikulelewa kumwacha mama mtu mzima akae nje ya mlango wangu bila kusalimiwa. Nikavua vizibo vya masikio, nikajipangusa vumbi usoni, nikatoka kumpa mkono. Bado ameushika mkono wangu nikasikia sauti ya ruta ikipanda.

Nilikimbia. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya mashine na kidole kwenye kirungu cha spidi, amekizungusha hadi mwisho kama anayeongeza sauti ya redio. Mota zilikuwa zimeshindwa kufuata, na mashine yangu haina macho: inadhani imefika mahali ambapo haijafika. Ilikuwa imesogea kando, ikachimba mdomo wa juu, mistari minane ya kina, upande mmoja. Nikaizima.

"Imeharibika?" akauliza. Hakusema "nimeiharibu". Alisema "imeharibika", kana kwamba ni maziwa yaliyochacha yenyewe. Nilimwambia atoke kwenye karakana yangu. Sikutafuta lugha ya heshima. Mama aliingia, akatazama pale palipochimbwa, akaniambia pole. Mimi ndiye niliyepewa pole! Wakaenda kwenye shukrani mikono mitupu.

Sikuweza kuirudisha mashine pale. Mbao ya kukosea ilikuwa imekwisha. Nikatoa patasi za marehemu baba, aliyechonga kwa mkono maisha yake yote na kunifundisha kabla ya ruta kuingia mji huu. Siku ya tatu mama akarudi peke yake, akaketi kwenye kigoda.

"Hii picha ilimdanganya," alisema. "Mpiga picha alimwambia afunge mdomo. Yeye hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Mswaki wake wa mti ulikaa hapa siku yote." Akaupinda mdomo wake mwenyewe upande, kidogo, kunionyesha. Nikachonga nikimtazama yeye. Nikikosea anasema hapana, nikipata ananyamaza. Nilishusha mbao ya taya lote hadi chini ya ile mistari minane ili ipotee, nikamaliza mdomo na kidevu kwa siku mbili. Hakuna siku aliyoniuliza itaisha saa ngapi.

Shemeji alikuja na gari kuuchukua. Alisalimia vizuri safari hii. Akauinua ubao mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya midomo ya kaka yake.

"Aki hii mashine ni kali," akasema. "Macho ni sawa tu. Lakini ona vile imemshika mdomo! Hapa imeweza."

Nikamwambia ule mdomo ni mkono wangu, siku mbili nzima.

"Siku mbili?" akashangaa, kidole bado kikipapasa. "Na si mashine iko hapo?"

Kabla sijafungua kinywa, mama alimpokonya ubao, akaulaza kifuani pake, uso umemgeukia yeye.

"Usimguse tena," akamwambia.