Kinanda cha Mzee Ingosi na Mdomo Wangu

Kanisani kwetu kuna watu ambao mpaka leo wakiniona nakaribia maikrofoni wanaifunika kwa kitambaa, na siwezi kuwalaumu, maana ningekuwa wao ningeifunika kwa blanketi. Niwasimulie basi nilivyofika hapo, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Kazi yangu ni kufundisha kompyuta hapa Kakamega mjini. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima, kwa hivyo nimezoea kueleza jambo polepole, mara mbili, mara tatu, kwa mifano. Napenda sana kueleza. (Kumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.)

Mpiga kinanda wetu ni Mzee Ingosi, ambaye zamani alikuwa askari wa msitu kule Isecheno. Kinanda chake alikinunua akiwa kijana, kizito kama gunia la mahindi, cha aina ile ya kale isiyokuja na piano wala tarumbeta za tayari. Unasukuma vitufe na kuzungusha vifundo mpaka upate sauti unayoitaka, halafu unaihifadhi ndani kwa namba. Mzee alikuwa na sauti thelathini na mbili. Kulikuwa na ngoma ya isukuti, kulikuwa na mvua inayogonga majani ya juu kabla haijafika chini, na nyingine hazikuwa na jina, yeye anazijua kwa namba tu. Ni kazi ya miaka na miaka, na hakuna hata moja aliyoandika popote jinsi alivyoitengeneza.

Zote hizo zilishikiliwa na betri moja ndogo ndani ya kinanda, na betri ilikuwa imechoka. Nikamwambia Mzee tuibadilishe, lakini kwanza tuzinakili sauti kwenye kompyuta, kwa sababu ukitoa betri kinanda kinasahau kila kitu.

Kunakili si kugumu, na nitaeleza kwa kifupi (naahidi). Kinanda hicho kiliundwa enzi za kaseti. Ukibonyeza kitufe fulani kinatoa kumbukumbu zake zote kwa mlio mkali, kama redio inayotafuta stesheni, na zamani mlio huo ulirekodiwa kwenye kaseti. Siku hizi unaurekodi kwenye kompyuta. Baadaye ukikichezea mlio uleule kinausikiliza na kukumbuka. Ila lazima uwe mlio mtupu. Ukichanganyika na kitu kingine, hata kikohozi, kinakataa wote.

"Nikuletee nyumbani Jumamosi?" Mzee aliniuliza.

Nikamhurumia na ule uzito, nikasema hapana Mzee, usihangaike, tutafanya hapohapo kanisani Jumapili, kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo.

Jumapili ikafika, na waya wangu mfupi wa kuunga kinanda moja kwa moja na kompyuta nikawa nimeusahau mezani nyumbani. Haidhuru, nikajiambia, kinanda tayari kimeungwa na miksa ya kanisa, ile mashine inayokusanya sauti zote, nitachukua mlio kutoka kwenye miksa. Nikazima spika za ndani ili tusiwasumbue watu, nikavaa hedifoni, nikazivua upesi maana ule mlio unachoma masikio, nikabaki kutazama mistari ikicheza kwenye skrini. Pembeni ya kinanda ilisimama maikrofoni ambayo Mzee huongozea kwaya. Sikuigusa. Wala sikuitazama.

Kurekodi huchukua dakika kadhaa, na mtu kama mimi hawezi kukaa dakika kadhaa na mtu mwingine bila kumfundisha kitu.

"Mwalimu," Mzee akasema, "mbona asubuhi hii kitu inateremkanga sauti?"

Ningemjibu kwa neno moja. Badala yake nikaanza: "Ni baridi, Mzee. Vyombo vya ndani vikiwa baridi, sauti inashuka kidogo kidogo bila mtu kujua. Ni kama Mama Mchungaji akiimba, akifika ubeti wa tatu. Anaanzia Kakamega hapa, ukija kushtuka yuko Butali. Tofauti ni kwamba kinanda kikipata joto hurudi. Mama Mchungaji harudi."

Mzee hakucheka. Nikadhani hajanielewa, kwa hivyo nikarudia mfano wote, kwa upole zaidi, na safari hii nikaimba kidogo ili asikie vile sauti inavyoteremka.

Mlio ukaisha. Nikahifadhi faili. Wanafunzi wangu huwa nawaambia kila siku: hakikisha nakala inafunguka kabla hujagusa ya kwanza. Lakini ibada ya pili ilikuwa inakaribia na Mzee alikuwa amekwisha kulegeza skrubu, basi nikatoa betri ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga. Nilijisikia fundi kweli.

Hapo ndipo Shemasi Respah alipoingia mbio, kitambaa cha kichwa kimemteleza.

"Mwalimu! Zima hiyo kitu! Hizi maneno zote zinatokanga huko nje!"

Nikazitazama spika za ndani. Zilikuwa zimezimwa. Kumbe vile vipaza sauti vya mdomo mpana vilivyofungwa ukuta wa nje, vinavyowasomea neno watu wanaokaa hemani uani na nusu ya mtaa, vina amplifaya yao na mtu huvisahau vikiwa wazi. Kila kilichopita kwenye miksa kilikuwa kimetoka kwa nguvu zote: mlio wa kinanda, na juu ya mlio, mimi, kupitia ile maikrofoni ya kwaya. Respah alisema watoto walidhani ni ndege inaanguka, kisha wakasikia habari za Butali wakatulia.

Nikatoka. Chini ya hema watu walikuwa na chai na viazi vitamu, na hakuna aliyekuwa anatafuna. Mama Mchungaji alikuwa amekaa mbele kabisa. Akanitazama, akasogeza kikombe upande wangu.

"Karibu, Mwalimu. Chai yako imepoa. Lakini hiyo ukiipasha moto itarudi."

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alilazimika kugeuka atazame ukuta. Nami nilisimama pale nikitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino, mpaka wazo moja likanifikia polepole: kama watu wa nje wamenisikia kupitia miksa, basi kompyuta nayo imenisikia.

Nilirudi ndani karibu nikimbie. Nikakichezea kinanda ule mlio, kikakataa. Nikarudia, kikakataa. Nikavaa hedifoni na kusikiliza, na katikati ya kumbukumbu zote za Mzee Ingosi kulikuwa na mimi, ninaimba.

Nilijaribu kueleza. Mzee akainua mkono.

"Mwanangu, umeeleza ya kutosha leo."

Ibada ya pili tuliimba bila kinanda.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwake na soda na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga vizuri, hakutaka hata moja. Alinionyesha stuli. "Kaa. Nikizungusha kifundo, wewe andika kimefika wapi. Usiongee." Ikawa kila Alhamisi, mchana, kabla mvua haijaanza. Isukuti ilirudi wiki ya kwanza. Ile mvua ya juu ya majani ilichukua wiki tatu, na mpaka leo anasema si ile, hii ni mvua ya Buyangu, upande wa pili wa msitu.

Tulipofika namba ishirini na saba, alimwita Mama Mchungaji. Nilitamani stuli inimeze. Mama akaja, akanisalimu vizuri, akaimba, na ubeti wa tatu ulipofika akaanza kuteremka, na vidole vya Mzee vikateremka naye kwenye kifundo, kidogo, kidogo tena, mpaka kinanda na mama vikawa mahali pamoja, na nikagundua kwamba sisikii tena kosa lolote. Nilikuwa nimelisikia Jumapili zile tu ambazo Mzee alikuwa mgonjwa.

"Hii niliitengeneza imfuate," Mzee aliniambia mama alipoondoka. "Asiachwe peke yake huko chini."

Nilikuwa na maswali mengi, na mfano mmoja mzuri sana. Nikaandika kifundo kimefika wapi, nikafunga mdomo.

Siku hizi daftari lote la sauti thelathini na mbili liko kwangu, na nakala ya kompyuta nimeijaribu mara nne, inafunguka. Waya wangu mfupi nautembeza kwenye mkoba kama kitambulisho. Na mashine yoyote ikianza kutoa kumbukumbu zake, mimi hutoka nje kabisa, nikasimama karibu na hema, nikanywa chai yangu ingali moto.