Kilio cha Saa Kumi

Kila siku saa kumi, kabla mafuta hayajapata moto, Sella hufuta kioo cha simu kwa pindo la leso, huiegemeza kwenye mtungi wa mafuta na kuingia laivu mtandaoni. Kibanda chake kiko Soweto West, Kibera, na kazi yake ni kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki minofu ikishaondolewa kiwandani. Zamani walimtazama watu saba, na mmoja wao alikuwa bintiye, Daisy.

Mwezi wa pili, Sella akiwa laivu, jirani yake Akeyo alikuja kumwambia kwamba mwanawe Okello, kifungua mimba, ameangukiwa na ukuta akafa kwenye mjengo Kawangware. Sella akaweka mikono kichwani, akaanza kumwomboleza kwa Kijaluo, akimtaja kwa majina ya sifa. Hakuna aliyekumbuka kuizima simu. Watu elfu mbili walilia naye. Huyu aliandika kafiwa na kaka, yule na mtoto, wakawa wanapeana pole wasiojuana. Daisy hakatai: pole zile ndizo zilizomwinua mamake kitandani.

Lakini Okello akazikwa, matanga yakaanuliwa, na watu hawakuja kuona samaki. Sella akicheka, wanatoka. Akilia, wanarudi na wenzao. Akeyo alimwonya kwamba aliyelazwa kaburini hachokorwi kila jioni. Hakusikia.

Mwezi wa nane Daisy akapata barua ya chuo, kusomea uuguzi, wa kwanza kwao. Mamake akamwahidi kwamba siku hiyo itakuwa yake. Akamvuta mbele ya simu, akaisoma barua yote kwa sauti. Watazamaji mia nne wakawa mia, kisha thelathini.

"Hongera msupa," mmoja aliandika. Mwingine, Wanzala, akauliza: "Mathe, kwani leo humlilii Okello? Nimekuja na tishu."

Sella aliitazama ile namba. Akamrudishia Daisy barua, imeshaingia mafuta, akajitanda leso, akaanza. Daisy alijua sauti itakatikia wapi na jina gani litafuata. Namba ikapanda hadi elfu tatu. Samaki wakaungua karaini.

Simu ilipozimwa, Daisy aliuliza, "Mama, unamlilia Okello au unawalilia hao?"

Sella alikuwa akiopoa walioungua.

"Hao," akasema. "Okello nilimaliza kumlilia mwezi wa tatu."