Namba Yangu Ilisomwa Mara Tatu

Banamuke benye kuanza kazi ya kupika gato, ile keki, ku nyumba banakuyaka kuniuliza: Jokébed, ulifanya je juu ujulikane mu Butembo muzima bila kulipa redio? Nabaambia, sina choyo na ile maneno. Kata vipande vidogo-vidogo, simama ku mulango ya kanisa siku ya Mungu, batu baonje bure. Andika namba ya telefone ku kila carton. Piga picha asubui, mwanga ikiwa muzuri, uweke ku WhatsApp, na usiibe picha ya gato ya mwengine, juu siku moja batakuomba ile ile na utapata haya. Mama wa saluni umupatie gato moja tu: ataongea juu yako siku nzima akisuka batu kichwa, kuliko redio yenyewe.

Kuko njia moja yenye sibaambiaka.

Mama yetu alikufa miye na mudogo yangu Victoire tukiwa batoto. Songali yetu Adèle, dada ya baba, akatukamata akatupeleka kwake Beni. Yeye hakuzaaka. Banamuke bengine ku quartier banaitwa mama ya fulani, kwa jina ya mutoto; yeye aliitwa Adèle tu, hata na batoto badogo. Alitulea na kuuza ndizi. Yeye njo alinifundisha gato: sufuria, makala kidogo chini, makala mingi juu ya kifuniko, na usifunue-funue. Miye nilikuwa mutu ya haraka, nafunua kila dakika. Alinichapa na mwiko ku mukono, nikalia, yeye akacheka mupaka na miye nikacheka.

Mwaka jana Victoire akaolewa pale Beni. Gato ni miye niliipika, ya étage tano, moja juu ya ingine, nikatoka nayo Butembo nikiikumbatia ndani ya gari mupaka mugongo ikakufa. Sasa, kwetu, bibi-arusi akishakata gato, kipande ya kwanza anapelekea mama yake mbele ya batu bote. Mwenye kushika micro anaita: mama ya bibi-arusi asimame! Ile siku, Adèle njo angeitwa mama. Alishonesha kikwembe ya mupya. Mwezi muzima alikuwa anamuuliza Victoire ku telefone asimame upande gani, aseme kitu ao anyamaze. Tulimucheka sana.

Miye nikakuwa na akili yangu. Nikamufata Sadrack, mwenye kushika micro, nikamupatia gato ndogo ndani ya carton. Nikamuambia: "Papa, wakati ya kukata gato, usome jina yangu na namba yangu. Polepole, batu baandike." Akakubali. Batu mia tatu ndani ya salle ya feti, bote banakula gato yangu, na publicité inaniomba unga na mayai tu. Nilijiona mujanja kabisa.

Lakini Beni feti ya arusi inaishaka mapema. Batu habapendi usiku ibakute ku barabara, na mwenye salle alishasema saa kumi na moja na nusu anafunga. Mvua ikachelewesha baarusi. Walipomaliza kukata gato, Sadrack akanikaribia: "Mama, dakika kumi tu njo zimebaki. Niite mama ya Victoire kwanza, ao nisome yako?"

Sikuwaza hata kidogo. Nikasema: "Soma yangu. Songali ni mutu ya nyumba, atangoja."

Akasoma namba yangu mara tatu, na vichekesho vyake juu. Batu bakasimama, bakakuya kuangalia gato karibu, telefone mukononi: ya ubatizo ni bei gani, ya siku ya kuzaliwa unaleta mupaka Beni? Nikajibu, nikacheka, nikajibu tena. Nilipogeuka, salle ilishaanza kubaki tupu. Mwenye salle akazima groupe ya umeme, na micro ikakufa. Victoire alikuwa ku mulango kati ya batu, na kipande ku sahani, anamutafuta Adèle na macho, na bakwe zake banamuvuta ku gari.

Adèle alikuwa amesimama mbele, peke yake, mikono pamoja, kama mutoto ya masomo anangoja muwalimu asome jina yake. Sijue alisimama tangu wakati gani. Kisha akaanza kukusanya sahani.

Baclient walikuya, siwezi kudanganya. Beni, mupaka Mbau. Adèle hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kila nikimupigia telefone anajibu: "Tuko salama. Na kazi?" Basi. Ile "mwanangu" yenye alikuwa ananiitaka zamani, aliiondoa, na nilijua juu ya nini.

Nilikaa na ile uchungu miezi sita, kisha nikakamata gari. Nikamupelekea gato ya sufuria, bila krimu, bila maua, vile alinifundisha, juu nipige magoti nimuombe musamaha. Akanipokea muzuri. Akanipatia kiti, akapangusa meza yeye mwenyewe, kama banavyomufanyia mugeni. Nikaweka gato. Kabla nifungue kinywa, akafungua fundo ya kikwembe yake, akatoa franka.

"Hii ni bei gani?"

"Songali, hii hapana ya kuuza. Nimekuletea."

"Hapana, mama," akasema, bila hasira hata kidogo. "Ile kazi ni yako, unaishi nayo. Uniambie bei."

Nikapiga magoti pale pale, nikaanza kulia, na mukono yake ilibaki mbele yangu na zile franka.