Kaptura ya Baiskeli na Mama Mkwe

Baiskeli yenyewe mke wangu aliizoea. Kaptura ndiyo ilimshinda.

Niliinunua soko la mitumba la Gikomba baada ya cheni kunilia suruali mbili za kazi. Ni nyeusi, ya kubana, inaishia juu ya magoti, na makalioni imeshonewa sponji kwa sababu njia ninayopita haina huruma kwa mtu wa umri wangu. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Jioni huingia vichochoro vya Mukuru kwa Reuben, nikafuata mto, nikavuka reli na kutokea Buruburu. Ni dakika arobaini za mashimo, mbuzi, na maji ambayo mwenye akili haulizi yametoka wapi. Naipenda njia hiyo, na sioni haya kusema.

"Hiyo si nguo," mke wangu alisema siku ya kwanza aliponiona. "Umejipaka rangi tu."

Nikamwambia waendesha baiskeli wa dunia nzima huvaa hivyo. Akaniambia dunia nzima haikuoa kwa mama yake.

Hapo alikuwa na haki. Kwetu magharibi, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukimbiana. Hampeani mikono, hamketi pamoja, na mkikutana njiani mmoja hutafuta kichaka. Akikuona uchi, au umevaa kitu cha kubana kama uchi, basi huondoka papo hapo bila kuonja hata maji, na hadi wazee waitwe na mbuzi achinjwe, kwako hakanyagi tena. Mama mkwe wangu aliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Kwa miaka minane ya ndoa yetu hakuwa amekula kwetu hata mara moja.

Kisha akaja Nairobi kutibiwa macho, akafikia kwa shemeji yangu kule Komarock, na baada ya kubembelezwa wiki nzima akakubali kuja kwetu Alhamisi kwa chakula cha jioni. Asubuhi hiyo mke wangu alifua suruali yangu ya kijivu, ile ya kanisani, akaianika uani.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," aliniambia. "Mama ale kwangu. Usiniharibie."

Nilimwahidi. Suruali yangu ya kazi ningeibeba kwenye mkoba, na kabla ya kuingia mtaani ningeivaa juu ya kaptura. Ilikuwa mipango ya mtu mzima.

Mkoba niliufunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kwenye mto kuna daraja la mbao mbili, na mtu mwenye busara hushuka akasukuma. Mimi sikushuka, kwa sababu kulikuwa na wanaume wawili waliokuwa wakiosha magunia pale chini na walikuwa wakinitazama. Katikati ya daraja mpira ulikatika. Mkoba ulianguka majini bila kelele nyingi.

Waliuopoa kwa fito. Nikaitoa suruali, na harufu yake ikamrudisha nyuma hata yule aliyekuwa ameuvuta.

"Mzae, hiyo usivae," akasema.

"Hata hiyo umevaa sijui kama umevaa," akasema mwenzake, akiitazama kaptura.

Niliwashukuru kwa kifupi. Njia nzima kutoka hapo nilikuwa nikijitukana, na matope yaliyokuwa yakinirukia mgongoni niliona ni haki yangu. Akilini nilimwona mke wangu akisonga ugali kwa furaha, naye hajui anachokitayarisha kinaweza kubaki mezani.

Halafu nikakumbuka ile suruali ya kanisani. Nyumba zetu zina ua mdogo kwa nyuma, wenye mlango wake wa bati. Mgeni angekuwa sebuleni. Mimi ningeingia kwa nyuma kimyakimya, nivae, nizunguke, nipige hodi mlango wa mbele kama mkwe mwenye adabu. Nilijipongeza. Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikasukuma bati polepole na kuingia kwa kunyata.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya kamba ya nguo, akichambua mrenda.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Alikuwa amesikia kwamba saa yangu ya kufika imekaribia, na kwa kuwa hakai chumba kimoja na mkwewe, akainuka sebuleni akaja kujificha uani. Mimi nimemkimbia kwa nyuma, naye amenikimbia kwa nyuma.

Aliinua uso. Tulitazamana kwa muda wa kutosha mtu kusema "Baba yetu uliye mbinguni." Kisha akakigeuza kigoda, akauelekea ukuta, akaendelea na mboga yake.

"Kuna mtu ameingia?" akauliza ule ukuta. "Macho yangu haya, sioni kitu. Naona giza tu."

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Karibu, mwanangu. Kama unatafuta nguo, nadhani ziko kwenye kamba. Mimi siwezi kujua."

Niliichukua suruali nikatoka kinyumenyume. Nilimhurumia sana mama yule kwa macho yake, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa ugonjwa wake, jambo ambalo sijawahi kuliungama mahali popote.

Tulikula. Mimi sebuleni, yeye jikoni na binti yake, mlango ukiwa umerudishwa. Niliwasikia wakicheka. Aliondoka kabla giza halijaingia, shemeji akamchukua, na mke wangu akaja kusimama mbele yangu na sahani mkononi. Ilikuwa tupu, imefutwa kwa tonge la mwisho.

"Amekula," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mama amekula kwangu."

Kwa furaha nikasema la kijinga. Nikamwambia pole, kumbe macho ya mama bado hayajapona.

"Hayajapona?" Alinitazama kana kwamba nimeanguka kutoka mtini. "Daktari amemruhusu juzi. Leo mchana alinishonea kifungo, uzi ametunga mwenyewe."

Nikaikumbuka ile mboga. Nilikuwa nimekula mrenda wote bila kukuta kijiti hata kimoja.

Mke wangu aliisoma sura yangu. Akashusha macho hadi kwenye matope yaliyokauka miguuni, chini ya suruali ya kanisani, akayapandisha tena.

"Alikuona," akasema.

"Alisema hakuona."

"Na bado akala," akasema, akiitazama sahani, kisha akaenda nayo jikoni. Sikusikia akiiosha.